Hukuuliza Kama Walibeba Moto

Mgeni akifika kwenye ohinga huuliza maswali mawili. Nani alijenga? Walienda wapi? Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaulizwa hivyo mpaka mchoke. La kwanza mtalizoea haraka, kwa sababu lina majibu mengi na kila jibu lina mtu wa kulitetea. La pili ndilo litakalowasumbua. Mimi lilinisumbua miaka yote niliyotunza kuta, na sasa magoti yamenistaafisha kabla ya wakati, nimeona niwaandikie jinsi nilivyopata nusu ya jibu. Nilienda kulitafuta ng'ambo ya bahari na nikalipata jikoni kwa dada yangu.

Nianze na kazi yenyewe, maana hamtaelewa mengine bila hiyo.

Ohinga ni boma la mawe lililojengwa zamani sana na watu waliokaa kwenye vilima hivi vya Migori. Kuta zake ni mawe matupu, bila udongo wala saruji. Jiwe linashikwa na jiwe. Asubuhi nilikuwa nawaongoza wageni, na wakishaondoka nilikuwa narudisha mahali pake mawe yaliyoangushwa na mizizi, mvua na ng'ombe. Aliyenifunza ni Mzee Nyangweso, mtu wa maneno machache yenye pilipili.

Ukuta wangu wa kwanza niliumaliza upesi, nikajisifu. Mzee alikuja, akautazama, akaketi juu ya debe.

"Kwenu mnalala vipi?" akaniuliza.

"Tunalala kitandani, mzee."

"Mimi naona mnalala kwa mtaro kama walevi, kila mtu kandokando. Angalia hayo mawe yako."

Nilikuwa nimeyalaza mawe marefu kwa kufuata ukuta, kwa sababu hivyo yanajaza nafasi haraka. Jiwe refu linatakiwa liingie ndani: kichwa nje, miguu ndani ya ukuta, kama mtu aliyelala vizuri. Nikabomoa, nikajenga tena. Mara hii nikaacha vichwa vinachomoza huku na huku. Baada ya juma moja tukakuta mbuzi wa jirani amesimama juu kabisa anakula majani ya mtini, na nusu ya kazi yangu iko chini.

"Sasa hii ni nzuri," Mzee akasema. "Umewajengea ngazi."

Nilijifunza. Jiwe moja likae juu ya mawili, mawili yakae juu ya moja. Tumbo la ukuta lijazwe mawe madogo, yakipangwa kwa mkono, si kumwagwa kwa karai. Ukuta uegemee ndani kidogo, kama mtu anayesikiliza. Na kabla hujaligusa jiwe lililoanguka, ligeuze utafute ukoga wa kijivu. Upande wenye ukoga ndio uliokuwa ukitazama jua. Huo ndio uso wake. Ukilirudisha kwa kuligeuza, jiwe litakaa, ila ukuta utaonekana kama mtu aliyevaa shati nje ndani. Siku hizi mnapiga picha kwa simu kabla ya kubomoa, na ni jambo jema. Sisi tulitegemea kichwa na chaki. Lakini picha haikuonyeshi tumbo. Tumbo ni la mkono.

Kuna fundi alikuja wakati mmoja kupendekeza tupitishe saruji kidogo ndani, mahali ambapo mgeni hataona. Mzee akamwagia ukuta ndoo ya maji upande wa juu. Maji yakatoka upande wa chini, yametulia. "Hii iko na njia," akamwambia. "Wewe unataka kuifunga mkojo." Fundi alicheka mpaka akasahau kuendelea. Shikeni hilo la maji, tutalirudia.

Mambo ya nchi nyingine niliyasoma mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye vitabu vya kuazima na baadaye kwenye simu. Nikagundua kwamba ukuta mkavu una watu wake duniani kote. Ndivyo nilivyoalikwa Uturuki, kwenye mkutano wa watengenezaji wa kuta za mawe, upande wa pwani ambako Wagiriki wa kale walijenga miji yao. Tulifanya kazi pamoja kwenye matuta ya mizeituni, na siku za mapumziko tukapelekwa kuona magofu.

Kanisani kwetu habari hiyo ilipokelewa kwa namna yake. Mimi niliona kuta. Wao waliona Efeso na Mileto. Mama Benta, kiongozi wa akina mama, alinipa chupa ya plastiki iliyooshwa, yenye kifuniko cha bluu.

"Mileto ni pale Paulo aliwaaga wazee wa Efeso," akasema. "Walipiga magoti ufukoni, wakalia, wakamsindikiza mpaka kwa meli. Wewe uteke maji ya hapo tu. Usiende kututekea ya hoteli."

Nikaahidi. Mtu aliyekua karibu na ziwa haoni ugumu wowote katika kuteka maji.

Efeso tulifika kwanza. Kuna barabara pana ya mawe ya marumaru, na Nermin, mama aliyetuongoza, alituambia ndiyo iliyoteremka bandarini. Tukaifuata kwa macho mpaka mwisho. Mwishoni palikuwa na matete. Bahari haikuonekana popote. Mto ulileta udongo mwaka baada ya mwaka, akasema, bandari ikajaa, bahari ikarudi nyuma. Nikawahurumia watu wa Efeso, nikashika chupa yangu nikijua kwamba Mileto bado.

Priene iko mlimani. Tulisimama kwenye hekalu lenye nguzo chache zilizobaki tukatazama chini, na chini kulikuwa na uwanda wa mashamba ya pamba mpaka macho yanapochoka. Nermin akasema, "Hii yote ilikuwa ghuba ya bahari." Mwenzangu mmoja kutoka Uhispania aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza habari ya chupa.

Mileto ilikuwa jinsi ambavyo nyinyi mshakisia. Ukumbi wa maigizo wa mawe, mkubwa, umepanda kama kilima, umetazama mahali ambapo meli zilifunga kamba. Sasa umetazama nyasi. Kulikuwa kumenyesha, na katikati ya magofu kulikuwa na madimbwi yenye vyura wengi. Kilima kimoja kwa mbali, katikati ya mashamba, kilikuwa kisiwa. Bahari iko mbali kiasi kwamba huisikii wala huinusi. Niliketi kwenye kiti cha jiwe na chupa yangu tupu mapajani, nikamfikiria Mama Benta.

Nermin aliketi karibu nami. Nikamweleza. Hakunicheka.

"Wewe umekuja kutafuta maji," akasema. "Kuna waliohama hapa kwa sababu ya maji."

Akanisimulia habari ya mji mwingine mdogo, juu zaidi kwenye ghuba hiyohiyo, unaoitwa Miunti. Udongo wa mto uliuzibia mlango wa bahari, ghuba ikageuka ziwa, ziwa likageuka kinamasi, na kinamasi kikazaa mbu. Hawakufukuzwa na adui. Walishindwa na mbu. Wakafunga mizigo wakahamia Mileto, wakabeba kila kilichobebeka, hata sanamu za miungu yao. Baadaye na mawe ya mahekalu yao yalifuata. Alinionyesha kwenye ukumbi ule jiwe lenye tundu la kufungia chuma ambalo halifungi chochote. Jiwe lililokuwa na kazi nyingine mahali pengine kabla ya kuwa hapo. Niliweka kidole kwenye tundu lile. Nikamfikiria dada yangu Dorsila.

Dorsila ni mkubwa wangu. Aliolewa ufukoni upande wa Homa Bay, akazaa, akalea, akamzika mumewe mbele ya nyumba kama inavyotakiwa. Kisha ziwa likapanda. Huko kwa Wagiriki bahari ilirudi nyuma. Kwetu ziwa lilikuja mbele, likachukua bustani ya mboga, likachukua choo, likafunika kaburi, likaingia jikoni, mwisho likapita mlango wa nyumba kubwa. Majirani walihama. Yeye aliinua kitanda juu ya matofali akaendelea kulala humo. Ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa umeanza kuinama. Mimi najua ukuta unaoinama ukiwa na nia ya kukaa, na najua unaoinama ukiwa na nia ya kulala chini. Ule ulikuwa wa kulala.

Kila mtu alijaribu. Mchungaji alimwambia kwamba marehemu hayuko kaburini, yuko kwa Mungu. Mtoto wake Odhiambo, anayeendesha trela za miwa Awendo, alikuja na gari la kuhamisha vitu, akarudi nalo tupu. Ombok, mdogo wa marehemu, alimkatia kiwanja juu ya mlima kwenye ardhi ya ukoo, tayari kumtangulia kuingia kwenye boma jipya kama mila inavyotaka. Yeye ndiye aliyetoa wazo la yago, lile tunda refu ambalo watu wetu huzika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Lizikwe huko juu, ili Dorsila awe na kaburi karibu.

Dorsila alimtazama tu. "Shem, yago ni ya mtu aliyepotea. Ndugu yako najua aliko. Ni nyinyi mnapotea."

Basi tukasema: ni kaburi linalomshika. Wote tulikubaliana hivyo, na wote tuliendelea kumpelekea maneno ya kaburi.

Niliporudi kutoka safari nilipita kanisani kwanza. Mama Benta aliinua chupa kwenye mwanga, akaitikisa.

"Umetuletea hewa."

"Bahari iliondoka, mama."

"Iliondoka ikaenda wapi?"

Mnaona? Swali lilelile. Akanirudishia chupa, akaniambia niiweke, labda bahari itarudi.

Siku iliyofuata nilienda kwa dada. Nilivua viatu nikapita majini mpaka mlangoni. Alikuwa ameketi kitandani, miguu juu, jiko la makaa liko juu ya meza, chai inachemka. Wadudu wa ziwa walikuwa wameganda ukutani kama masizi.

"Omera, ndugu yangu, umerudi mwembamba," akasema. "Wazungu walikunyima ugali?"

"Walinipa mizeituni, nyamera."

"Hiyo ndiyo nini?"

"Tunda chungu. Unakula unamshukuru Mungu kwamba ni dogo."

Alicheka. Tukanywa chai. Nikamsimulia Efeso, nikamsimulia chupa, akacheka mpaka akashika kitanda. Kisha nikamsimulia Miunti. Nilikuwa nimeipanga ile hadithi ndani ya ndege, jinsi ninavyopanga mawe: mto, ghuba, ziwa, mbu, mizigo, sanamu. Nilifika mwisho nikamtazama. Nilitaka aone mwenyewe kwamba watu wenye akili waliwahi kuacha mji mzima.

Alikuwa anasikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Walibeba miungu," akasema.

"Ndiyo."

"Na moto? Walibeba moto?"

Nikasema sijui.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Umepanda ndege mpaka huko, umeshika mawe ya watu, halafu la maana hukuuliza."

Akageuza uso kutazama jikoni. Jiko lake la kupikia lilikuwa kibanda cha pembeni. Kuta za udongo zilikuwa zimeyeyuka, zikabaki nguzo na mabati, na maji yalifika magotini. Chini ya maji yale, mahali fulani, kulikuwa na mafiga yake matatu.

Akaniambia polepole, bila kunitazama. Siku alipohamia boma lile na mumewe, yeye ndiye aliyebeba moto kutoka kwa mama mkwe, ndani ya kigae cha chungu. Boma huanza na moto uliotoka boma la kwanza. Na sasa anaambiwa ahame, na mafiga yake yamezama.

"Nihame na nini, omera? Niende huko juu niwashe kiberiti kama mpangaji?"

"Na hili jiko la makaa?"

"Hili nilinunua Homa Bay. Huo ni moto wa soko."

Tulikuwa tumemwendea na kaburi miezi mingi, na kaburi halikuwa tatizo lake hata kidogo. Hakuna aliyemuuliza.

Jioni hiyo nilimwandikia Nermin kwenye simu. Nilimuuliza swali la dada kama lilivyo: wale watu walipohama, walibeba moto? Jibu lilikuja asubuhi. Kuhusu Miunti hakujua, hakuna aliyeandika. Lakini Wagiriki wa kale, akasema, watu wa mji mmoja walipokwenda kuanzisha mji mpya ng'ambo, walichukua moto kutoka kwenye meko ya mji mama wakaenda nao. Na Mileto ulikuwa mji mama wa miji mingi sana.

Nilimsomea Dorsila kwa Dholuo. Akaomba nirudie.

"Basi hao walikuwa watu," akasema.

Sasa ndiyo kazi: kuyainua mafiga yale juu ya maji, awashe moto palepale pa zamani, kisha aubebe. Ombok alisema tusubiri maji yashuke. Nilimwonyesha ule ukuta wa nyumba kubwa, akaacha kusema hivyo. Odhiambo alitaka kuleta saruji. Nikamwambia saruji majini itakuwa uji, na nikawakumbuka wote wawili, fundi na ndoo ya Mzee Nyangweso. Ukuta mkavu hauulizi kama kuna maji. Maji yana njia ndani yake.

Mawe tuliyatoa kwenye tuta la zamani mlimani, tukayashusha kwa punda, na kutoka ukingoni tukayapakia kwenye mtumbwi wa jirani mvuvi. Aliukokota mpaka mlango wa jikoni akilalamika kwa furaha.

"Wengine wanatoa vitu ziwani. Nyinyi mnaweka."

"Hawa ni samaki wa mafundi," Odhiambo akamjibu. "Unawapika siku nzima hawaivi."

Dorsila alisimama mlangoni mwa nyumba kubwa akinielekeza. Kushoto kidogo. Hapana, rudi. Hapo. Nikaingiza mikono majini nikapapasa, na mafiga yalikuwa palepale, yamezungukana, yanateleza kwa tope. Nikayatoa moja moja nikampa Odhiambo ayashike. Kisha nikaanza kujenga kutoka sakafuni. Sikuona nilichofanya, maji yalikuwa meusi. Nilijenga kwa vidole: kichwa nje, miguu ndani, moja juu ya mawili, tumbo likajazwa. Odhiambo alitaka kumwaga kokoto kwa ndoo, nikampiga mkono. Ukisoma haya, mpwa wangu, bado sijutii. Magoti yaliyonistaafisha yalikuwa yanalia, lakini mikono ilijua njia. Jiwe lilipotokeza juu ya maji nikakanyaga katikati, nikaruka kidogo. Halikutikisika.

Juu yake tukaweka bamba la jiwe, na juu ya bamba Dorsila akapanga mafiga mwenyewe. Alilifuta kila moja kwa kanga yake. Kila figa lilikuwa na upande uliokuwa mweusi kwa masizi ya miaka, ambao maji hayakuuosha. Aliugeuza upande huo ndani, kwenye moto. Mimi maisha yangu yote nimefanya kazi ya kutafuta uso wa jiwe, na sikuwa nimewahi kufikiria kwamba jiwe la jikoni nalo lina uso, na uso wake unatazama ndani.

Kuni zilikuwa mbichi. Nilikuwa nimetia mafuta ya taa kidogo katika ile chupa ya Mama Benta, nikaitoa.

"Weka hiyo mbali," dada akasema. "Unataka uji wa mume wangu unuke kama lori?"

Aliwasha kwa magunzi na mavi makavu ya ng'ombe, akiwa amesimama majini, ameinama, anapuliza. Moshi ulipanda ukatoka kwenye mabati kama siku za zamani, na watu waliokuwa mlimani wakauona wakaanza kuteremka. Alipika uji, akamwaga kidogo majini upande wa kaburi, akatupa sisi uliobaki. Mchungaji, aliyekuwa amesimama ukingoni amekunja suruali, alichukua kikombe chake akanywa.

Kisha Dorsila akachukua kigae, akatia majivu, akachagua makaa kwa vidole vyake, akayafunika kwa majivu mengine. Ombok alitangulia. Odhiambo alibeba jogoo wa boma jipya, ambaye alimharia shati, na watu wakasema ni baraka. Dorsila alipita majini kigae kikiwa kifuani, kanga imeloa mpaka kiunoni, hakutazama nyuma. Nilitembea nyuma yake nikiwa na mafiga mawili. La tatu alikuwa nalo mvuvi. Kule juu aliwasha moto wake kabla ya kuketi.

Nyumba kubwa ilianguka mvua zilizofuata. Hakuwamo.

Ile nguzo ya mawe niliyoijenga bado ipo. Jikoni hakuna tena, nguzo za miti zimeoza, mabati yalichukuliwa. Maji yakishuka kidogo, bamba hutokeza, na ndege weusi wa ziwa hukaa juu yake wakianika mabawa. Wavuvi vijana huipita kila asubuhi. Nimesikia mmoja akimwambia mgeni kwamba ni gati la Wazungu wa zamani, mwingine akasema ni alama ya mpaka.

Nyinyi mtakuwapo muda mrefu kuliko mimi. Ziwa likirudi nyuma, na siku moja litarudi, mgeni atasimama pale kwenye nyasi akawauliza nani alijenga na walienda wapi. Mwambieni ni jiko la Dorsila. Mwonyesheni bamba na mahali pa mafiga matatu, ajue kwa nini mafiga hayapo. Kisha mwelekezeni mlimani, kama ni wakati wa kupika ataona moshi.